Kitunga Nilichorudisha Tupu

Mwaka wa 1951, nikiwa na miaka makumi ine na tatu, roho yangu ilianza kugonjwa. Bwana asifiwe, ndugu zangu, hata kwa ugonjwa ule!

Ng'ombe zangu zote zilikuwa zimekufa kule Masisi. Nikashuka Goma, nikaanza kuchonga mawe ya volkano ya kujengea nyumba za watu. Masomo sina. Nyundo nilijifundisha mwenyewe, na kuta zangu munazijua: hazianguki. Lakini usingizi ulinikimbia. Uzito ulinikaa rohoni. Chakula cha muke wangu nilikula kimya, kama vile kilijipika chenyewe.

Siku moja mukono ukavimba, kazi ikasimama. Jirani yetu Mama Furaha, mujane, akatuletea kitunga cha viazi. Desturi yetu munaijua: kitunga cha jirani hakirudi tupu. Utatia hata maharagi kidogo, hata chumvi. Mimi nilikitupa tupu mbele ya mulango wake, nikasema: «Mimi sikuomba!» Haya inanishika hata sasa ninapoandika. Muke wangu akaanza kwenda kuteka maji peke yake, kichwa chini, kwa haya mbele ya wanawake wenzake.

Kisha kipande cha jiwe kikanipiga jicho. Wakanifunga kitambaa macho yote mawili. Nikalala gizani, mawazo yakinila, nikamwomba Mungu anichukue tu. Ndipo nikasikia sauti ya Mama Furaha mulangoni: «Papa, nimeleta viazi. Usiogope, kitunga kurudi tupu nimekwisha kuzoea!»

Muke wangu alicheka. Mimi nililia, ndugu zangu! Mwanaume muzima! Nikatafuta neno asante mudomoni, sikukumbuka mara ya mwisho kulisema. Nikalisema. Lilitoka kwa shida kuliko jiwe lolote. Na usingizi ukanijia.

Tangu hapo, kabla ya kushika nyundo, ninashukuru kwa sauti: kwa jicho lililobaki, kwa uji, kwa aliyeupika. Uzito haukutoka mara moja. Kuna siku unarudi, nami ninaanza tena. Nilipopona nilibeba kitunga mwenyewe, kazi ya wanawake kwetu, chumvi ndani, wanawake wakinizomea njiani: «Muoneni muzee, ameolewa!» Nilistahili.

Wewe unayelala macho wazi, umutegemee Mungu, na uanze na aliye karibu nawe. Umwambie asante leo.

Leo nina nyumba ya mawe, mbuzi wawili, nyundo tatu, muke mumoja, jicho moja. Kitunga cha Mama Furaha kiko tena kwangu, nimekijaza maharagi. Ninaacha kuandika hapa, nikipeleke.