Majina Saba Yaliyobaki

Benchi letu liko mbele ya meza ya mdogo wangu, fundi viatu, mkabala na lango la zahanati ya kambi. Ni ubao uliolazwa juu ya matofali, na kila mtu ana sehemu yake: Kinyozi kivulini, Dereva, ambaye hajashika usukani tangu tulipokimbia, katikati, nami pembeni na daftari langu. Mama Birika anachemsha kahawa nyuma yetu. Mwanamke akiingia langoni bila mtoto mgonjwa mgongoni, lazima tumuulize amefuata nini. Kwa miaka mingi sikuona ubaya wake.

Daftarini nimeandika majina kumi na moja ya watu wa ukoo wetu waliofia njiani. Tulikubaliana kila mtoto atakayezaliwa kambini achukue jina moja, nami napiga mstari chini yake. Mke wa mdogo wangu amezaa mara nne. Uzazi wa mwisho ulimtoa damu nyingi hata tukaanza kuulizana pa kumzika.

Asubuhi moja mdogo wangu alilalamika kwamba mtoto wa mwisho anakaribia miaka miwili na mama yake bado hana mimba. Kinyozi akasema lawama ni za dawa inayotiwa kwenye tangi la maji. Dereva akakataa: ni unga wa msaada, yeye amesafirisha unga miaka tisa na huu anaunusa tu anajua. Kinyozi akamuuliza mbona mke wake Dereva anakula unga huohuo na juzi kajifungua mapacha.

— Unachagua, alisema Dereva.

— Unga unachagua?

— Kila gunia lina namba. Unadhani namba ni ya urembo?

— Basi namhurumia mkeo. Analala kitanda kimoja na akili hiyo.

Dereva hakukubali kushindwa. Akahamia kwenye maturubai tunayoezekea, akaeleza jinsi rangi ya bluu inavyopooza mwili wa mwanamke kidogo kidogo, usingizini.

Mama Birika alimimina kahawa. Yeye na mimi tulijua sababu. Kadi ya zahanati ya shemeji yangu ilikuwa chini ya kopo la sukari la Mama Birika. Shemeji hajui kusoma, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea tarehe: sindano moja ya kuzuia mimba kila miezi mitatu. Tarehe ilikuwa siku ile. Nilipomwambia jana yake, aliniuliza, “Shemeji, nitapitaje na mume wangu yupo pale?”

Sasa shemeji alikuwa amesimama penye kona, na dumu tupu la maji miguuni. Alifunga mtandio, akaufungua, akaufunga tena.

Mdogo wangu alikuwa amempa mgongo. Alisema kesho ataomba familia yake ihamishiwe upande wa mtoni, kwenye maji yasiyo na dawa. Kisha akanigeukia.

— Kaka, yamebaki mangapi?

— Saba.

— Mnasikia? Saba. Babu yetu mwenyewe bado yumo humo. Atarudi kwa mlango wa nani kama si wangu?

Pale mezani alikuwepo mgeni aliyeingia kambini wiki mbili tu zilizopita, mguu mmoja peku, akingoja kiatu chake kishonwe.

— Samahani, mzee, aliniambia. Huyo mama akifia uzazini, jina lake nalo litaandikwa humo?

— Litaandikwa.

— Na mtoto wa kulichukua atazaliwa na nani?

Kinyozi akasogeza kikombe chake. Mama Birika akainamisha birika, yakatoka machicha.

Mdogo wangu alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akageuka kumpa mgeni kiatu. Hapo ndipo alipomwona mkewe. Alimtazama, kisha akalitazama lango la zahanati, kisha yeye tena. Akaweka sindano yake ya viatu mezani, akaenda mpaka kwenye kona, akaliokota dumu.

— Fundi, tangu lini unachota maji? aliuliza Dereva.

— Tangu leo.

Akaelekea bombani, kwenye foleni ya wanawake peke yao, bila kugeuka nyuma. Kinyozi alitaka kucheka, akajizuia.

Shemeji alipita mbele yetu mikono mitupu. Mama Birika akampa kadi, ameikunja ndani ya karatasi ya sukari. Dereva, ambaye hajawahi kumwacha mtu apite bila swali, aligundua ghafla kwamba kucha zake zinahitaji kutazamwa.

Nilifungua daftari. Majina saba yalikuwa palepale. Nililifunga bila kuongeza la nane, la shemeji.