Taa ya Shemeji

Kwenye pikapu zetu za chai-maharage za Mbagala abiria tunakaa tukitazamana, na siku hizi za ruksa kila mtu anasema lake kwa sauti. Bwana wa Kaunda suti alikuwa akimsimulia mama aliyempakata binti mwenye midomo ya zambarau kwa dawa. Shemeji yake kapelekwa London na ofisi, kapandikizwa uboho. "Dawa za huko zinababua kinywa," alisema, "kwa hiyo kila asubuhi wanammulika mdomoni kwa taa maalumu, vidonda visitoke."

"Kwani bado havijatoka?" mama aliuliza. "Ndiyo maana ya kinga, dada," bwana alijibu. "Vya huyu binti vimetoka, hii wiki ya pili sasa. Muuguzi wa zahanati hana tochi, ananiambia nimtoe uani, jua limsaidie kuona."

"Ile si tochi, ni sayansi. Bado wanaifanyia majaribio." Alipanua kinywa kutuonyesha taa inapoelekezwa. Tuliona meno matatu yaliyozibwa, kazi safi.

"Kumbe ofisini kwao wanajua kinywa kitauma kabla hakijauma," mama alisema. "Sie kikishauma tunaambiwa tusubiri."

"Kinga ni bora kuliko tiba."

"Najua. Imeandikwa ukutani pale zahanati, tena kwa rangi mpya. Nimeisoma wiki mbili."

Gari lilisimama Mtoni. Mama alishuka, akamgeuza binti kwenye jua, akampanua mdomo, akachungulia. Kisha akainua uso kwa yule bwana.

"Msalimie shemeji. Mwambie na sie tunamulikwa."