Mama Mawingu na Ramani Aliyokataa Kusaini

Kila siku saa tatu na nusu asubuhi, marehemu alitoka uani, akatazama juu, kisha akaandika neno moja kwenye daftari: "wazi" au "mawingu". Ndio wakati satelaiti zake za kwanza zilipokuwa zikipita. Aliendelea hivyo hata baada ya kustaafu, ndiyo maana nyumbani tulimwita Mama Mawingu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, binti pekee wa seremala na mshonaji. Alisoma shule ya msingi iliyopakana na karakana ya baba yake, kisha sekondari ya bweni. Alihitimu chuo cha upimaji ardhi mwaka 1972, mwaka uleule iliporushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza ardhi. Alipenda kusema kwamba wao wawili walianza kazi pamoja.

Aliajiriwa idara ya ramani, ghorofa ya tatu, chumba namba tisa. Alikuta picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, ambazo eneo moja lingeweza kuzisubiri miaka kumi. Satelaiti ilirudi palepale kila baada ya siku kumi na nane. Kwa picha zake marehemu alifuatilia mafuriko, ukame na misitu iliyokuwa ikimegwa pembeni kidogo kidogo.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na fundi umeme wa idara, aliyekuja mara nne kutengeneza taa ya meza yake.

"Taa gani hii inaharibika kila Ijumaa?" marehemu aliuliza.

"Nailegeza mwenyewe," fundi akakiri.

Mwaka 1981 idara iliombwa ramani ya bonde ambamo bwawa lingejengwa. Picha ilionyesha majani makavu matupu. Marehemu alikunja picha, akaenda kukagua kwa miguu, akakuta watu. Nyumba zao zilikuwa za nyasi, na kutoka juu paa la nyasi na nyasi zenyewe ni rangi moja. Bibi mmoja aliiangalia ile picha kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo hapa sisi ni majani?"

"Kwenye picha, ndiyo, mama."

"Haya, kaa. Majani yanakukaribisha maji."

Aliporudi, mkurugenzi alimwekea mbele ramani iliyoandikwa "hakuna makazi", ikisubiri saini yake tu.

"Satelaiti haidanganyi, bibie."

"Haidanganyi, bosi. Ila haina miguu."

Kwa kukataa kusaini, alihamishiwa stoo ya kanda, na chumba namba tisa akapewa mwingine. Alikuwa na mtoto mchanga, na hakujua kama angebaki na kazi. Alikaa stoo miaka miwili, akiandika barua kila mwezi, mpaka timu ya pili ilipotumwa bondeni ikahesabu kaya mia mbili na kumi na mbili. Bwawa lilisogezwa upande wa juu wa mto, mbali na nyumba zao. Marehemu alirudishwa chumba namba tisa, na tangu hapo hakuna ramani iliyotoka idarani bila mtu kwenda kukagua kwa miguu. Utaratibu huo upo hadi leo, nasi tunajivunia. Baadhi ya watu wa bonde lile wamekaa nasi hapa, safu ya nyuma.

Alianza kuugua figo mwaka 2021. Wodini alimsumbua muuguzi amfungulie pazia kila saa tatu na nusu. Alifariki tarehe 9 Juni mwaka huu, asubuhi. Neno la mwisho daftarini ni "wazi".

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na kaka wawili. Apumzike, kazi yake ilikaguliwa na ikakutwa sahihi.

Wiki moja kabla ya kifo chake, mtoto wa kaka yake, anayewasomea wasifu huu, alipata ujasiri wa kumuuliza swali moja: "Shangazi, ungeweza kupoteza kila kitu. Kwa nini hukusaini tu?"

Alijibu: "Walinipa maji, nikanywa. Ningeandikaje kwamba hawapo?"