Majani ya Kijito Yasing'olewe Yote

Sikilizeni, Evod na Angelina. Sogeeni, sauti yangu haifiki mbali leo. Habari za kijito hiki alinipa shangazi yangu Bernadeta, mwaka sabini na nne, tukikata majani ndani ya maji, nami nawaachia kama alivyozisema.

Kijito chetu hakingoji mvua. Kinatoka chini ya mlima, penye mawe meupe, baridi yake ni ileile masika na kiangazi. Mto mkubwa unapogeuka tope, humu bado mnaona kivuli cha perege kikipita juu ya changarawe. Shangazi alisema mvua ya leo wataikuta wajukuu, kwa kuwa huko ndani ya mlima maji hutembea gizani, polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto. Nikilala hapa nayasikia.

Yale majani marefu, yanayolala kama nywele zilizochanwa, ndiyo yanayoyazuia maji yasikimbie, yakainuka yafikie mifereji ya mpunga. Kwa hiyo hukatwa kwa mundu, ukingo mmoja mwaka huu, wa pili mwaka ujao. Mjomba wenu Sylvanus alitaka kijito kipendeze siku ya harusi yake, akakifagia kama ua, akang'oa yote. Wageni walisifu. Kabla mpunga haujachanua, maji yakashuka, yakawa yanapita chini ya midomo ya mifereji, na shamba lote likakauka. Baba alimwambia neno moja: "Umetufagia." Sylvanus akahamia Kidatu, baba hakutaja tena jina lake, na ndivyo shamba lilivyokuja kwangu.

Sasa wewe, Evod, unataka kuleta katapila ukipanue kijito, upate maji mengi. Usicheke, najua unasema mama anaongea na majani. Utapata mtaro, mwanangu. Shamba la juu ni lako, la chini la Angelina, nyumba mgawane bila kelele. Kijito sikigawi. Asikiguse mmoja pasipo mwenzake kuridhia, na mundu aushike Angelina, maana yeye ndiye anayekubali kulowa.

Nipeni maji... basi, yanatosha.

Nikishazikwa, mkamlete Sylvanus. Msimuulize kitu. Mwingizeni majini, akate pamoja nanyi, aache ukingo mmoja. Mungu awape subira ya kuacha kitu kilivyo... awape watoto... Shangazi hayupo. Baba hayupo. Bibi harusi yule tulimzika Kidatu. Sylvanus... yeye bado yu hai.