Ukishaitikia Marahaba

Benchi letu ni ubao wa bodi ya lori uliolazwa juu ya matairi mawili yasiyozibika tena, mbele ya kibanda changu cha pancha hapa Mkuyuni, kwenye barabara ya kwenda Matombo. Kila alasiri Rehani anatua hapo na birika lake la kahawa, na hata nikimwambia akatafute wateja kwingine hasikii, maana wateja wake ndio hao walionikalia mimi. Wako watatu. Yupo Bonifasi, tunamwita Digrii: alilinda geti la chuo kule Mzumbe miaka kumi na mmoja, akastaafu na elimu yote iliyopita pale getini. Yupo Twalibu, au Bando, kijana dalali wa ndizi, ambaye hajawahi kukosa bando wala jibu. Na yupo Mwinshehe, ambaye jina lake la kijiweni ni Kinu, kwa sababu tumbo lake halijawahi kukataa kitu. Kande za juzi, maembe mabichi, mishikaki isiyojulikana baba wala mama, vyote vilisagika. Ndiyo maana Alhamisi ile, Kinu alipokunywa kahawa amesimama kwa siku ya tatu mfululizo, hata mimi niliyekuwa nimeinamia beseni la maji nilijua kuna jambo.

— Mzee Kinu, kaa basi, alisema Bando. Umetusimamia kama tunafanya mtihani.

— Nimekaa sana asubuhi.

— Na jana ulikaa sana asubuhi. Na juzi.

Kinu alitoa paketi mfukoni, akatupa vidonge viwili mdomoni, akavisindikiza kwa kahawa. Bando, ambaye macho yake hayana adabu, akaisoma ile paketi. Ilikuwa panado. Tukamuuliza anaumwa nini, akasema kichwa, Jumatatu alikwenda kituo cha afya na daktari ndiye aliyempa. Sasa Digrii anaongea upuuzi mwingi, lakini miaka ile ya getini ilimfundisha kutomruhusu mtu kupita bila kuulizwa.

— Kichwa gani hicho kinachomzuia mtu kukaa?

Kinu akaitazama barabara. Lori la ndizi likapita, likatuachia vumbi, tukafunika vikombe kwa viganja. Vumbi lilipotua akatuambia, kwa sauti ya mtu anayesimulia aibu ya jirani, kwamba hakwenda kule kwa ajili ya kichwa. Alikuwa na jambo lake jingine. Maneno aliyapanga tangu nyumbani, njia nzima akawa anayarudia kimoyomoyo, na kwenye foleni akayarudia tena mpaka yakakaa sawa.

— Naingia, nakuta daktari mwenyewe binti. Rika la Nasra wangu, yule kitinda mimba. Anainuka kitini, anainama, ananiambia shikamoo baba. Nikaitikia marahaba.

— Enhe, akasema Digrii.

— Enhe nini? Ndiyo hivyo.

— Hukumwambia?

— Bonifasi, mtoto wa watu amekuheshimu, na wewe umeshaitikia marahaba. Sasa kutoka hapo unaanzia wapi kumtajia makalio?

— Ukasemaje sasa?

— Nikasema kichwa. Ndicho kilichokuwa mbali zaidi na penyewe.

Tulicheka, sikufichi. Rehani alilazimika kuweka birika chini. Bando alitaka kujua kama daktari alimpima hicho kichwa, na Kinu akakiri kwamba kilipimwa, tena kwa makini sana, akamulikwa macho yote mawili na kuambiwa apunguze mawazo. Yeye mwenyewe alianza kutabasamu. Halafu tabasamu likaisha na akalisema lile lililompeleka.

— Natoka damu. Nikienda chooni. Wiki ya tano hii.

Akaongeza kwamba kaka yake Mansuri alianza hivihivi.

Mansuri tulimzika sisi. Tulimpandisha mlimani kwa zamu mwaka juzi, njia inateleza, na hakuwa mzito hata kidogo. Alikuwa akipita hapahapa anatuambia tumbo limepoa, limepoa, mpaka wiki ile aliyokufa. Kwa hiyo Kinu aliposema vile niliogopa, na wenzangu waliogopa, niliwaona. Lakini benchi letu likiogopa halijui kunyamaza.

Aliyeanza ni Rehani. Alisema hiyo si damu, ni rozela. Shemeji yake kule Turiani alikunywa jagi zima la juisi ya rozela kwenye harusi, asubuhi akaita watoto wote awausie. Kinu akasema hajagusa rozela tangu Idi. Rehani akasema rozela inakaa.

Bando alikuwa ameshaandika dalili zote kwenye simu.

— Hapa wanasema inaweza kuwa vitu kumi na vinne, mzee wangu. Usipaniki. Bawasiri ipo namba moja, hiyo ya kawaida tu. Ila namba tisa wanasema inaweza kuwa mimba.

— Mimba ya nani? akauliza Kinu.

— Hawajasema. Bando limekata hapo.

Digrii akamwomba kijana aweke simu mfukoni, wakubwa waongee. Alieleza kwamba pale Mzumbe aliwahi kumsikia mhadhiri mmoja akisema kuwa utumbo wa binadamu ukinyooshwa ni mita saba au nane. Mhadhiri alikuwa anaongea na nani hakukumbuka, alikuwa anafungua geti. Basi, akaendelea, chukua Mluguru. Mluguru amezaliwa kwenye mteremko, amejifunza kutembea kwenye mteremko, shamba lake lipo kwenye mteremko. Mita zake saba zote zimezoea kulalia upande mmoja. Siku akishuka akajenga huku bondeni kwenye tambarare, chakula kikifika kwenye kona hakijui kielekee wapi. Kinarundikana. Kikirundikana kinakwaruza.

— Kwa hiyo dawa ni nini? nikauliza, maana na mimi kwetu ni juu huko.

— Ulalie ubavu, kichwa kielekee Matombo.

— Na huko hospitali wangemfanyaje? akauliza Rehani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bando alisema anajua, jamaa yake mmoja wa Msamvu alipimwa: daktari anavaa glavu, kisha anatumia kidole. Kinu akamuuliza kidole kinafanya nini. Bando akamtazama tu. Kinu akaweka kikombe chini.

— Kimoja? akauliza.

— Kimoja, mzee wangu.

— Hakitoshi, akasema Digrii. Wahenga walishasema, kidole kimoja hakivunji chawa.

— Digrii, naomba wahenga uwaache nyumbani.

— Na kuna kamera, Bando akaendelea. Ina taa mbele. Inaingia inapiga picha humo ndani.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Digrii.

Kinu alisema harudi. Alisema afadhali aendelee na panado, angalau zinamtibu kichwa tulichompa sisi. Alisema kwa mzaha, lakini nilimwona mkono wake unavyoibana ile paketi, nikakasirika. Nilijikasirikia mimi na hawa wenzangu, kwa sababu mtu alikuwa ametuletea hofu yake tukaifanyia mchezo. Nikawaambia waache masihara, kama wana akili kidogo wamsaidie kupata neno. Shida ya huyu mzee si ugonjwa tu, ni kwamba kila akifungua mdomo mbele ya yule binti, marahaba inamkaba.

Wakakubali, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue wakafanya kazi. Bando alivaa helmeti yangu akawa daktari. Kinu akasimama mbele yake.

— Shikamoo baba.

— Marahaba. Daktari, nina tatizo huku.

— Huku wapi?

— Huku… mlango wa uani.

Bando akasema yeye kama daktari angempeleka kwa fundi seremala. Rehani akashauri aseme “sehemu ya kukalia”, Digrii akapinga kwamba hiyo ni stuli. Digrii mwenyewe akaja na “haja kubwa ina dosari”, lugha ya getini kabisa. Mimi nilichangia neno la kazini kwangu, nikasema amwambie ekzosi inavuja.

— Mimi si pikipiki, akasema Kinu.

Tukajaribu tena, na tena. Mara ya nne alikaribia. Alifika kwenye “daktari, nikienda chooni” bila kukwama, na Digrii akamhimiza kwamba haba na haba hujaza kibaba, jambo ambalo kwa mada ile halikutusaidia hata kidogo.

Katikati ya hayo ikaja bodaboda inasukumwa, tairi la nyuma limelala. Dereva alikuwa ametangulia, na abiria anafuata kwa miguu, binti mwembamba mwenye mkoba begani na viatu vilivyojaa vumbi. Sikumjua. Nilijua tu kwamba Kinu alimgeuzia mgongo ghafla akaanza kulichunguza bango la vocha ukutani kwangu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, tukaitikia wote, na Bando pia, akiwa bado na helmeti.

Binti akamtazama yule aliyesoma bango.

— Ni wewe, baba? Ulikuja Jumatatu. Kichwa kinaendeleaje?

Nimekaa na watu hawa miaka sita. Sijawahi kuona swali likiwashinda. Digrii, ambaye ana jibu la kwa nini mwezi hauanguki, aliangalia ndani ya kikombe. Bando akatoa helmeti taratibu. Mimi nilianza kufungua tairi la mbele, ambalo halikuwa na kosa lolote. Kinu alikuwa amegeuka, mdomo umefunguka kidogo, na uso wake ulikuwa na huzuni ambayo sitaki kuiona tena kwa mtu mzima.

Rehani, kwa kukosa la kufanya, akamimina kahawa akampa yule binti, akamkaribisha kwenye ubao. Ili tu mtu aseme kitu, akamuuliza kama ni mgeni huku, na kwao ni wapi.

— Mwezi wa pili sasa. Naitwa Irene. Kwetu Sikonge, Tabora.

— Mnyamwezi? akauliza Kinu. Ilikuwa sauti yake ya kawaida, ile tuliyokuwa hatujaisikia wiki nzima.

— Mnyamwezi, baba. Baba na mama.

— Sasa Mnyamwezi, unanipigia shikamoo ya nini? Mimi Mluguru.

Yule binti alimtazama, kisha akaweka kikombe chini na kucheka, kicheko kikubwa ambacho hakikulingana na mwili wake. Kwa sababu kila mtu hapa anajua: Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za mababu, na mbele ya mtani hakuna mkubwa, hakuna mdogo, hakuna neno lisilosemeka.

— Kumbe ni nyie, akasema, mliokimbilia mlimani kuogopa vita, mpaka leo mnachungulia kama imeisha.

— Na nyie mliobeba mizigo ya watu mpaka pwani, mkarudi bila hata sahani.

— Ndiyo maana ukaniletea kichwa chako nikibebe?

— Sina kichwa mimi, akasema Kinu. Kichwa kizima. Mtani, nakunya damu.

Lilitoka hivyohivyo, bila uani wala ekzosi. Hakuna aliyecheka. Daktari naye hakucheka, na hakuinamisha macho. Alimuuliza ni nyekundu au nyeusi, inauma au haiumi, amepungua mwili au la. Kinu akajibu yote kama mtu anayetaja bei ya ndizi. Nyekundu. Inauma, kukaa hawezi. Mwili upo palepale. Daktari akamwambia kwamba mara nyingi inakuwa bawasiri, na inatibika. Mara nyingine siyo, na huwezi kujua kwa kubuni, lazima apimwe.

— Kaka yangu alikufa na tumbo, akasema Kinu. Alianza hivi.

— Pole, mtani. Yeye alikuja kupimwa baada ya wiki ngapi?

Kinu alifikiri, ingawa jibu tulilijua sote.

— Hakuja.

Nilikuwa nimeshamaliza pancha muda mrefu, tairi limejaa, na dereva alikuwa anasubiri. Hakuna aliyemharakisha. Daktari akasimama, akajipangusa vumbi la ubao wetu, akapanda nyuma ya bodaboda.

— Kesho saa mbili, ukija uniite mimi. Na usipokuja, mtani, siku ya msiba wako nitafika. Nitalikalia jeneza lako, haki yangu ya utani, njia nzima mpaka mlimani, na ndugu zako watanisihi mpaka jua lizame ndipo nishuke.

Digrii alishika kichwa. Bando akasema astaghafiru. Lakini Kinu alicheka, akacheka mpaka akashikilia nguzo ya kibanda changu, na machozi yakamtoka asiyafute.

— Utalikalia tupu, mtani, akasema. Mimi nitakuwa kwenye foleni yako.