Mkwe Wangu Asikose Mtihani

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mkwe wangu uliyesimama mlangoni na mkoba begani ukinitazama kama mtu aliyeniibia kitu, ingia ukae hapa miguuni pangu, maana haya ya leo asubuhi yanakuhusu wewe kuliko wote, na pikipiki ya mumeo haiwezi kuondoka bila wewe. Sina pumzi ya kurudia. Daktari alizungumza nanyi kule koridoni mkadhani sisikii. Nilisikia kila neno, wala sikutishika. Kilichokuwa kinanitisha ni kingine, nacho kimekwisha jana jioni, ndiyo maana mmeniona nimelala fofofo kama mtoto aliyeshiba.

Mtihani wa mwisho wa sekondari unaanza leo, utaendelea wiki hii na ijayo, nami naweza kuondoka siku yoyote hapo katikati. Nikiondoka nyumba itajaa watu, na watu wakijaa, macho yao yanamtafuta mke wa mwana mkubwa yuko wapi, nani yuko jikoni, nani anapokea wageni. Hapo ndipo huyu angeweka kalamu chini akashika sufuria, kama alivyoiacha shule mara ya kwanza akiwa mjamzito, na kama alivyouacha mtihani mwaka jana kwa sababu watoto hawakuwa na wa kubaki nao. Kufa sikukuogopa, wanangu. Niliogopa kufa siku mbaya.

Lakini jana wewe, kifungua mimba wangu, uliniambia mbele ya dada yako, "Baba, hata ukitutoka, nitampeleka mimi mwenyewe." Asante, mwanangu. Umenitua mzigo. Najua haikuwa rahisi kwako, maana tulipoanza masomo ulifoka, "Mke wangu na baba yangu darasa moja! Niuweke wapi uso wangu?" ukanuna hata kula na mimi ukawa hutaki. Na fundi viatu wa mkabala akazidi kukutia maneno, kila akituona tunapita jioni na madaftari anagonga nyundo na kuita, "Watoto wa shule haooo, mmeaga nyumbani?" Nilimwekea kinyongo kirefu, nacho leo nakitoa, mwambieni. Kabla sijalala hapa alikuwa ameanza kunisimamisha njiani, anataka kujua mwalimu kasema nini juu ya chuma na kutu, na nahisi mwakani atajiandikisha, ila kiburi bado kinamshika shati.

Mngetuona! Darasa ni la watoto mchana, la kwetu jioni, madawati mafupi mpaka magoti yanagonga mbao, huku mpishi wa hospitali, kule dereva wa lori, nyuma mlinzi na sare zake anasinzia kabla ya zamu. Mwalimu ni rika la binti yangu huyu. Akiingia nasimama, ananiambia, "Kaa, mzee wangu, tafadhali," nakaa, na kesho yake nasimama tena. Siku ya kuchora pembetatu na kutafuta maeneo yake, majibu yangu yote yalizidi. Mwalimu akapima kwa rula, akakuna kichwa, akapima tena. Kila upande umezidi, tena kwa kiasi kilekile. Akaniuliza, "Mzee, hiki cha ziada ni cha nini?" Nikamjibu, "Cha mshono, mwalimu. Ukikata kamili, utashonea wapi?" Darasa likaangua kicheko, dereva wa lori akatoka nje kabisa, na wewe mkwe wangu ukauficha uso kwenye daftari kwa heshima, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, nikayaona. Tangu hapo, kabla ya kila hesabu, unaniinamia kwa sauti ya chini, "Baba, hakuna mshono." Bila wewe nisingefaulu, na hilo nalisema mumeo akisikia.

Matokeo yangu ya mtihani wa mwaka jana yalipotoka nililia pale barazani, watu wakipita. Sikuona haya. Tangu nilipotolewa shule nikawekwa chini ya cherehani ya mjomba niokote vitambaa, niliishi kama mtu aliyeitwa nje katikati ya mazungumzo, asijue yaliishaje. Nimerudi ndani, nimesikia mwisho wake, nimeridhika.

Sasa mali, nayo si nyingi. Nyumba mkae wote. Cherehani ni ya binti yangu, pamoja na chumba cha mbele, na asihamishwe hata akiolewa. Kaka mtu usikunje uso, wewe hata kifungo chako hushonewa. Deni langu ni nguo za watu. Suruali ya mlinzi haina upindo, gauni la jirani lina mkono mmoja. Binti yangu, zimalize, mwenyewe apelekewe mlangoni, asije msibani akiwa anaiwaza nguo yake.

Na wewe, mkwe wangu, fungu lako ni hizi wiki mbili. Nimekupa. Ni zako peke yako, asizimege mtu, si shangazi, si jirani, si mimi na kufa kwangu. Nikikata roho ukiwa kwenye chumba cha mtihani, asitumwe mtu, asiitwe mtu dirishani. Ukitoka ndipo uambiwe. Na mazishi yakiangukia saa ya karatasi... nizikeni bila yeye. Mnanisikia? Bila yeye. Atakayeuliza mke wa mwana mkubwa yuko wapi, mjibuni kwamba marehemu ndiye aliyemtuma, na kama ana neno zaidi, aje alisemee kaburini.

Nipeni maji... kidogo tu. Basi.

Msigombane. Watoto wasome, wa kike na wa kiume, na wakichelewa wasichekwe. Mungu awape afya, awape kucheka pamoja, awafungulie njia mnapoiona imefungwa. Mwanangu mkubwa... weka mkono wako hapa. Umekuwa mtu mzima jana. Nimefurahi mno.

Mkwe wangu, futa machozi, utailowesha karatasi. Soma swali mpaka mwisho kabla hujajibu. Muda ukibaki, usitoke, rudia. Ah... pumzi hii. Hapana, usikae, nimesema inuka. Nasikia pikipiki imewashwa. Ukirudi ukanikuta, utanihadithia maswali, moja moja. Usiponikuta... lia, lakini ule, kisha ufungue kitabu cha kesho. Nenda, binti yangu. Nenda, usichelewe...