Kosa Halikuwa Dirishani kwa Mama Honorine

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, Mama Honorine Mbuyu anastaafu baada ya kulitumikia dirisha la dawa la zahanati yetu hapa Kapata kwa miaka thelathini na mmoja. Mniwie radhi, ndugu wasomaji: palihitajika kalamu bora kuliko hii.

Alitufikia kutoka Lubudi akiwa muuguzi msaidizi. Wachimbaji walimjia na migongo iliyochoka, wakiomba vidonge vya rangi mbili, yaani antibiotiki, kwa kuamini kwamba rangi mbili hushinda moja. Aliwajibu: “Mugongo yako haina mikrobe, tata. Iko na beleshi.” Akawapa paracetamol, nao wakaondoka wakicheka. Hakuchoka kufundisha kwamba dawa ya maumivu hutuliza na kushusha homa, bali haiui kijidudu chochote. Antibiotiki huua bakteria, nayo sharti imalizwe hata mgonjwa akijiona mzima.

Tangu mwaka 2016 huchora jua moja kwenye bahasha kwa kila siku ya dawa, na mgonjwa huyahesabu majua hayo mbele yake. Wengi mmeuliza sababu. Mwaka ule alimpa dawa marehemu Louise, mke wangu, aliyeugua kichomi. Louise alipofariki, Mama Honorine alijilaumu kwamba hakueleza vema. Sikumsahihisha.

Namsahihisha leo, kwa kuchelewa mno. Alieleza vema, nilikuwa nimesimama hapo, mimi mwandishi wa kadi za wagonjwa. Siku ya tatu homa ilishuka, Louise akaomba uji. Antibiotiki zilizobaki nikazitia katika kopo la maziwa, kama tuwekavyo wengi akiba kwa mgonjwa ajaye, nikaendelea na paracetamol peke yake. Homa ilinyamaza, kichomi hakikunyamaza. Tulipomrudisha alikuwa amezidiwa. Kopo lile ninalo hadi leo, na vidonge kumi na viwili ndani yake. Ijumaa nitalileta dirishani.

Mama Honorine, majua yako yamewaponya wengi. Lakini kitubio kile cha kuyachora hakikuwa chako, kilikuwa changu. Unisamehe, ukiweza.

Zahanati nzima inakushukuru. Rudi Lubudi kwa amani, wala usijiulize tena kama ulieleza vema. Tunakutakia siku nyingi za heri, nawe uzimalize zote.

François Kabamba, mwandishi wa kadi